Kasa Aliyenyweshwa Maji ya Chumvi

Agar Mulongo hakuwa na baiskeli. Hakuwa na kaka mkubwa wa kumtetea, wala dada mkubwa wa kumwachia nguo. Hakuwa na jino la mbele la upande wa kushoto, kwa kuwa lilibaki kwenye muwa mwaka uliopita. Hakuwa na shangazi Lubumbashi. Hakuwa na sauti ya kuimba. Mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafungua kinywa tu bila kutoa kitu. Lakini katika yote aliyoyakosa, lililomuuma zaidi ni hili: Agar hakuwa na habari.

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita waliketi juu ya mataruma ya zamani ya reli nyuma ya shule, wakapeana habari. Hénoch Kalombo, ambaye baba yake alikuwa askari wa Base, kambi ya ndege za jeshi, alikuwa na ndege. Tshala, ambaye mama yake aliuza chumvi na mafuta ya mawese sokoni, alikuwa na ugomvi wote wa soko. Baba yake Agar alikuwa mtunza depo ya mizigo ya stesheni ya Kamina, na depo haina habari.

"Jana kulifika nini kwa baba yako?" Hénoch alipenda kumuuliza.

"Magunia ya mahindi."

"Na juzi?"

"Magunia ya mahindi."

"Basi kesho utatuambia kama yameota," Tshala alisema, na wote wakacheka.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, Agar alimpelekea baba yake chakula cha mchana kama kawaida: ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na kipande cha samaki mkavu wa Bukama. Katikati ya depo alikuta kisanduku kikubwa cha mbao, kirefu kama kitanda. Kati ya mbao kulikuwa na nafasi za upana wa vidole viwili. Juu yake kulipakwa maneno ya Kifaransa kwa rangi nyekundu: kasa wa bahari, jike, uangalifu. Agar alichungulia. Jicho kubwa jeusi likamtazama. Aliruka nyuma, nusura sombe imwagike.

Baba yake, Papa Mulongo, alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Usiogope. Ile iko karatasi na gundi. Jicho ni kioo."

Akamweleza. Pwani ya nchi yetu, mbali upande wa magharibi, kuna hifadhi ya bahari, yaani sehemu ya maji na ufuko ambapo wanyama hulindwa. Watu wa hifadhi hiyo hawakai tu kulinda. Hutembea pia kufundisha. Safari hii walimtuma mama mmoja, Madame Jenny Ngalamulume, apite katika shule za miji ya reli. Kwa sasa alikuwa Bukama akizungumza na wavuvi wa Lualaba, na kwa kuwa ndani ya mtumbwi hakuna nafasi ya kasa wa ukubwa wa kitanda, alimtanguliza Kamina kwa treni.

"Anakuja Alhamisi," Papa Mulongo alisema. "Mpaka siku ile hakuna muntu atagusa. Angalia hapa." Akamwonyesha karatasi ya mapokezi. "Kimepokelewa kizima. Na hili ni jina langu. Miaka kumi na tisa niko naandika hili jina, halijaniletea aibu hata siku moja."

Aliifungia karatasi ndani ya meza. Jioni ile ile alipanda treni ya mizigo kwenda Bukama kufuatilia shehena iliyokwama huko. Funguo za depo alimwachia mlinzi, Papa Timothée, akamwambia neno moja tu: "Kile kisanduku usifungue."

Jumanne asubuhi, juu ya mataruma, Hénoch alikuwa ameeleza ndege yenye matumbo mawili. Tshala alikuwa ameeleza wanawake wawili waliopigania debe moja. Kisha wakamgeukia Agar, tayari kwa mahindi.

"Kwa depo ya baba kuna kasa wa bahari," Agar alisema.

Hilo lilikuwa kweli. Kama angeishia hapo, nisingekuwa na hadithi ya kuandika. Lakini wote walinyamaza. Hata wale wa darasa la tano walisogea. Agar hakuwahi kutazamwa na macho mengi namna ile.

"Iko muzima?" Hénoch akauliza.

Agar alijua jibu. Alikuwa ameambiwa jana tu, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Lakini kinywa chake kilitangulia mbele ya kichwa chake.

"Iko muzima," alisema. "Inapumua."

Saa nane mchana Papa Timothée alikuwa akimsubiri mlangoni mwa depo, na nyuma yake walisimama Hénoch, Tshala na watoto kama kumi. Papa Timothée alikuwa mzee wa miaka sabini mwenye koti la zamani la reli, ambalo vifungo vyake alivisugua kila asubuhi kwa majivu. Katika ujana wake alisindikiza mabehewa ya wanyama. Alipitisha mikononi mwake ng'ombe, mbuzi, nguruwe, na mara moja tumbili wa padri, na hakuna hata mmoja aliyefia njiani.

"Weye mutoto wa Mulongo," alisema, "batoto banasema ile munyama ya mu kisanduku iko muzima. Ni kweli?"

Hapa kulikuwa na mlango wa kutokea. Agar aliuona. Lakini Hénoch naye alikuwa amesimama hapo, akitabasamu tabasamu la mahindi.

"Ni kweli, Papa Timothée."

Mzee alishika kichwa. "Tangu jana hajanywa? Sheria ya reli inasema munyama muzima apewe mayi mara mbili kwa siku. Baba yako aliniambia nisifungue. Hakuniambia nisinyweshe."

Akachukua ndoo.

"Papa Timothée," Agar alisema haraka, "leo haitaki mayi."

"Nani amekuambia?"

"Inafunga."

Mzee alisimama na ndoo mkononi. "Inafunga? Iko ya dini gani?"

"Labda ya kanisa yetu," Tshala alisema. "Sisi tunafunga Jumanne."

"Basi inaweza kunywa kidogo, Mungu anaelewa," Papa Timothée alisema, akamimina ndoo nzima kupitia nafasi za mbao. Maji yalilia kwa sauti ya ngoma iliyolegea. Watoto wakapiga makofi. Agar alipiga pia, kwa sababu mikono yake haikujua kazi nyingine ya kufanya.

Alijiambia kwamba ndoo moja si kitu. Karatasi huloa, kisha hukauka. Aliporudi jioni, alikuta ndoo ya pili imekwisha kumiminwa.

Jumatano mambo yaliongezeka. Tshala alifika shuleni na maneno ya mama yake: kasa wa bahari amezaliwa katika maji ya chumvi, ukimpa maji ya bombani atakufa kama samaki wa Lualaba atakavyokufa ukimtia kwenye supu. Papa Timothée alipoelezwa, aliona aibu kubwa kwamba hakuliwaza hilo yeye mwenyewe. Akatuma watoto wapite katika nyumba za wafanyakazi wa reli.

Watu wa Kamina wana moyo. Nyumba kumi na moja zilitoa chumvi. Mama Tshala alileta kopo zima kwa mkono wake mwenyewe, akasimama kuhakikisha kwamba linatiwa lote. Mjane mmoja alituma sombe iliyopikwa, endapo mgeni ataona njaa. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakitoka kwenye mazoezi ya nyimbo walisimama mlangoni wakamwombea kasa safari njema.

"Papa Timothée," Agar alijaribu tena, "naona imelala. Tusiisumbue."

"Mugonjwa akilala unamwamsha anywe dawa," mzee alijibu. "Weye uko mutoto muzuri, unaihurumia. Baba yako atafurahi." Akakoroga chumvi kwa fimbo, akaonja kwa kidole, akatema. "Njo bahari yenyewe hii."

Ikamiminwa ndoo ya nane. Kisha ya tisa.

Mnamo saa kumi na moja jioni, maji yalianza kutoka chini ya kisanduku. Yalikuwa ya kijani. Yalitambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya Hénoch. Watoto walirudi nyuma. Papa Timothée alichuchumaa, akatazama kwa makini, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imekojoa," alitangaza. "Munyama akikojoa, figo ziko salama."

"Lakini kojo ya kijani, Papa?"

"Ni ya bahari. Ulitaka iwe na rangi gani?"

"Ku Base niliona ndege inakojoa vile vile," Hénoch alisema, kwa kuwa hakupenda kuachwa nyuma.

Maji ya kijani yakafuatwa na ya kahawia, mazito kama uji. Ndani ya uji huo kilitoka kipande cha kitu chembamba kikanasa kwenye kidole cha mguu cha Tshala. Tshala aliinama, akakiokota, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Papa Timothée," alisema polepole, "hii kojo iko na maandishi."

Kilikuwa kipande cha gazeti. Mzee alikitazama, akakitazama kisanduku, kisha akamtazama Agar. Ndoo ilikuwa bado mkononi mwake, na ndani yake kulikuwa na maji ya chumvi ya nyumba kumi na moja.

"Ni karatasi," Agar alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni karatasi na gundi. Papa aliniambia Jumatatu. Haijawahi kupumua."

Watoto walirudi nyuma tena, safari hii mbali naye.

Papa Timothée aliweka ndoo chini. Alitoa funguo akafungua kisanduku, kwa kuwa sasa hakuna cha kulinda kilichobaki. Kichwa cha kasa kilikuwa kimezama kifuani kama cha mtu anayesinzia kanisani. Mzee aligusa bawa la mbele, likabaki mkononi mwake kama tonge la bukari. Tumbo lilikuwa limepasuka, na kutoka ndani vilichungulia vifuko vya plastiki, kamba za nyavu na vizibo vya chupa.

"Miaka makumi tatu," mzee alisema, "hakuna munyama aliyekufa mu mikono yangu. Na huyu hakuwa hata muzima."

"Papa Timothée, baba atafukuzwa?"

Mzee hakumdanganya. "Jina lake njo liko pale chini ya karatasi. Wenye mzigo wakidai, yeye atalipa ao atatoka. Sijui."

Usiku ule Agar hakula. Alhamisi treni ya kutoka Bukama ilichelewa kwa saa tano tu, na watu wakaisifu. Ilipofika, Agar alikuwa amesimama peke yake mbele ya wote kwenye jukwaa la stesheni. Papa Mulongo alishuka pamoja na mama mnene mwenye kofia ya majani na mabegi matatu. Agar hakungoja mabegi yafike chini.

"Papa, kasa ameharibika. Nilisema uongo kwamba yuko hai, na Papa Timothée akamnywesha. Si kosa lake. Ni langu."

Papa Mulongo alisikiliza yote akiwa bado ameshika begi. Kisha alikwenda moja kwa moja deponi, akafungua meza, akaitazama karatasi yenye jina lake. Akaikunja tena, akaifungia. Agar angependelea fimbo.

Madame Jenny alizunguka kisanduku mara mbili. Alikuwa amezaliwa Kamina, karibu na hiyo hiyo stesheni, kabla wazazi wake hawajahamia magharibi, kwa hiyo aliongea Kiswahili cha hapa. Akaketi juu ya mfuniko.

"Wanawake wa kijiji cha wavuvi walimtengeneza kwa miezi mitatu," alisema. "Mulimutilia ndoo ngapi?"

"Tisa, Madame. Sita zilikuwa na munyu," Papa Timothée alijibu, akisimama wima kama askari.

"Munyu juu ya nini?"

"Aone kama yuko kwao."

Midomo ya Madame Jenny ilitetemeka. Alijaribu kukohoa, akashindwa, akacheka hadi kofia ikaanguka. Alipomaliza, alifuta macho, akamtazama Papa Mulongo aliyekuwa bado hajacheka, akaelewa.

"Muzee Mulongo, usiogope. Nitamwandikia mukubwa wangu kwamba mvua ilimulowesha njiani. Mambo yataisha."

Papa Mulongo alifungua kinywa, lakini Agar alimtangulia.

"Madame, mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano."

"Pwani hawajui hilo, mama."

"Lakini watauliza ilinyesha ndani ya behewa la nani," Agar alisema. "Watamlaumu muntu mwingine ambaye hata hakuwa hapa. Mimi nitaandika."

Madame Jenny aliokota kofia yake. "Sawa," alisema. "Mukubwa wangu akisoma ukweli, na akajua kwamba nina kasa mwingine wa kuendelea naye, hatadai kitu kwa baba yako. Lakini mambo mawili hayo yote ninayataka. Barua, na kasa."

Kwa hiyo Ijumaa yote baada ya masomo, na Jumamosi asubuhi, darasa la sita lilifanya kazi deponi. Mwalimu wao, Katende, alileta mifuko mitupu ya simenti. Mama Tshala, ambaye alijiona ana sehemu yake katika kifo kile, alipika sufuria mbili za gundi ya unga wa muhogo. Papa Timothée alikunja waya za mifupa. Agar alichana karatasi, akapaka gundi, akachana, akapaka, hadi vidole vyake vikashikana.

Wakati mikono ikifanya kazi, Madame Jenny alieleza. Zamani watu wa pwani walichimba mayai ya kasa mchangani wakayala. Siku hizi walinzi wa hifadhi hutembea ufukweni pamoja na wanakijiji kutafuta viota na kuvizungushia ua, na watoto wa shule huhesabu vifaranga vinapokimbilia majini. Mvuvi akimnasa kasa, humwachia, na watu wa hifadhi humsaidia kushona wavu. Lakini kuna adui mmoja ambaye mlinzi hawezi kumkamata. Kasa hula mnyama mmoja wa baharini aliye laini na mweupe, kama uji ulioganda. Mfuko wa plastiki ukielea hufanana naye. Kasa humeza, tumbo linajaa, naye anakufa na njaa akiwa ameshiba.

"Lakini sisi tuko mbali na bahari," Hénoch alisema. "Mifuko yetu haiwezi kufika."

"Mufereji wa mbele ya stesheni unaenda wapi mvua ikinyesha?"

"Mutoni."

"Na ule muto?"

Hénoch alifikiri. "Ku muto mukubwa."

"Na ule mukubwa unaishia wapi?"

"Ku bahari," Hénoch alisema polepole. Mwalimu Katende akawapa magunia, nao wakaenda kwenye mfereji kutafuta vitu vya kujaza tumbo la kasa mpya. Hawakuhitaji kufika sokoni. Tumbo lilijaa kabla.

Kasa wa Kamina hakufanana sana na yule wa kwanza. Hénoch alisimamia mabawa ya mbele, na yalitoka kama ya ndege iliyo tayari kuruka. Kichwa kilitengenezwa na Papa Timothée, na kikafanana na mkuu wa stesheni, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema. Madame Jenny alisema kwamba kasa wa bahari wana sura nyingi.

Jumamosi alasiri uwanja wa shule ulijaa. Madame Jenny alimwita Agar afungue tumbo mbele ya watu. Agar alitoa sashe za maji, moja baada ya nyingine, kisha mifuko midogo myeupe yenye fundo la pekee.

"Mama," Tshala alisema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa uwanja, "ile iko mifuko yetu ya munyu."

Watu wote walimgeukia Mama Tshala. Alirekebisha kitenge chake taratibu. "Naiona," alisema. "Nina macho." Kisha, kwa kuwa watu hawakuacha kumtazama: "Kuanzia Jumatatu kila mutu atakuja na kopo yake. Asiye na kopo atakula bila munyu." Mwalimu Katende akasema kwamba na shule itasafisha mfereji kila Jumamosi. Hapo hakuna aliyepiga makofi isipokuwa wazazi.

Jioni, Agar aliketi kwenye meza ya baba yake na kuandika. Karatasi ya kwanza aliichana, kwa kuwa ilisema "kasa alipata ajali". Ya pili ilisema hivi:

"Kwa Mkuu wa hifadhi. Kasa wenu alifika Kamina mzima na baba yangu alimtunza vizuri. Mimi nilijua kwamba ni wa karatasi. Niliwaambia wenzangu kwamba anapumua ili wanisikilize. Kwa sababu yangu alinyweshwa ndoo tisa na akaharibika. Papa Timothée alimwaga maji kwa huruma, baba hakuwepo. Tumetengeneza mwingine. Hafanani sana, lakini tumbo lake lina ukweli. Naomba msamaha kwa wanawake waliomtengeneza wa kwanza."

Papa Mulongo aliisoma mara mbili. Hakusahihisha kitu. Akamrudishia kalamu.

"Weka jina lako. Lako, si langu."

Agar akaandika jina lake lote. Papa Timothée, aliyekuwa mlangoni akisugua kifungo kwa mkono wa koti, alisogea karibu.

"Mutoto," alisema, "sikukasirika juu ya mayi. Sikiliza ile nilijifunza mimi muzee, na weye ujifunze ungali mutoto. Muntu anayesema uongo hamwagi mayi yeye mwenyewe. Anawagawia wengine ndoo, na wao wanamwaga wakifikiri wanatenda mema. Weye ulisema neno moja tu. Angalia bantu wangapi walibeba ndoo."

"Nimeelewa, Papa Timothée."

"Na ukweli nao ni vile vile," Papa Mulongo alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kwa sauti yake kulainika. "Uliusema mmoja pale deponi, na shule nzima ikabeba."

Agar alikunja barua mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba ukingo na kuubana kwa ngumi hadi ukashika. Treni ya kwenda kusini, hadi Lubumbashi ambako barua za pwani hupanda ndege, ilikuwa tayari imepiga honi. Alikimbia kando ya mabehewa hadi kwenye la mwisho, akamkabidhi bahasha msindikizaji kwa mikono miwili.

"Iko na nini mule?" msindikizaji aliuliza akiitia mfukoni.

"Barua," Agar alisema. "Tafadhali isilowe."

Treni ikaondoka nayo.